Sare za Harusi ya Wairimu

Jumamosi, 5 Aprili
Kiuno kinaniuma. Nimekata sare zote sita, kitenge cha buluu ambacho Muthoni alinunua mtaa wa Frogtown. Binti yake Wairimu anaolewa mwezi ujao, na watu wa karibu watavaa sare. Nimekata na yangu, ya saba. Sikungoja kuambiwa. Mimi na Muthoni tulianza pamoja, tukiogesha wazee zamu moja kwenye nyumba ya wazee, tukila ugali sufuria moja hapa Hopkins, ughaibuni. Sasa yeye ni nesi, ana nyumba Roseville. Mimi bado naogesha.

Jumapili, 13 Aprili
Baada ya kanisa Muthoni alinipeleka jumba la makumbusho. Michoro ya kale ya Wafaransa, ya kuwacheka watu. Kijakazi kavaa hariri kama ya mwajiri wake, nywele zimepanda kama kichuguu, watu wanamnyooshea kidole. Maelezo ukutani: vitambaa vizuri vilipoanza kuwafikia watu wa chini, wakubwa waliudhika. Muthoni alicheka mpaka machozi. "Ona huyu, amejisahau kabisa." Nami nikacheka.

Alhamisi, 24 Aprili
Muthoni alikuja kuangalia sare. Akafika kwenye ya saba.
"Hii ni ya nani, Mama Brayo?"
Alivyouliza tu, nikajua. Nikasema ni ya akiba, mtu akinenepa.
"Poa. Unajua hii sare ni ya in-laws na wale wa job. Wewe ni fundi wetu, siku hiyo u-relax tu."
Chai hakumaliza. Nina hasira. Aibu ni kubwa kuliko hasira.

Jumapili, 27 Aprili
Nimerudi peke yangu kwenye michoro. Leo nimemtazama kijakazi usoni. Hana habari na vidole vya watu. Anaipenda nguo yake, basi. Nililia. Mlinzi akadhani natafuta choo, akanionyesha.

Jumanne, 29 Aprili
Nimeifumua ya saba. Imetoa vilemba vya wote sita. Nimemtumia Muthoni picha, ameandika kwenye simu: very thoughtful, dear. Nimevipiga pasi.

Jumamosi, 10 Mei
Harusi imeisha. Nilivaa gauni la kijivu. Wairimu alipendeza, Mungu amtunze. Walipoitwa kupigwa picha, wenye sare walinishikisha mikoba yao. Muthoni akanigeuzia mgongo, kifungo kilikuwa kimefunguka. Nikakifunga. Mpiga picha akaniomba nisogee kidogo. Nikasogea.