Elisi Iliyochongwa Kinyume

Mujukuu wangu Asumani,

Hapa Kasongo tuko wazima, ila goti la bibi yako linamusumbua, na mbuzi wa jirani wamekula tena muhogo wangu. Nimechoka nao.

Unauliza kama umwambie patroni wako wa kazi tena kwamba anakosea, wakati hakusikii. Hata mimi, wakati wa Wabelgiji, nilikuwa na patroni wa namna hiyo pale Nyangwe. Alifunga mitumbwi miwili pamoja, akaweka nyuma moteri ya gari na elisi ya mbao ya kusukuma upepo, kama ile panga inayozunguka mbele ya ndege. Niliona elisi imechongwa kinyume na moteri inavyozunguka. Nikamwambia mara moja tu. Akajibu, "Wewe kaza nati." Nikazikaza kwa hasira, nikingoja aibu yake.

Moteri ilipowaka, chombo kilirudi kinyumenyume mpaka ukingoni, kikatawanya mihogo yote ambayo wanawake walikuwa wameloweka. Patroni akaangukia majini. Nikacheka.

Mama yangu, ambaye mihogo yake pia ilikuwa humo, akaja na kikapu kitupu. Mama hakumuuliza patroni kitu. Aliniuliza mimi: "Ulijua?"

Mwambie tena, hata kama anakuchosha. Mimi mpaka leo sijamujibu mama.

Babu yako wa Kasongo