Kofia Haichomwi

Kitui, 3 Machi 1997

Kwa Shangazi Kaluki,

Kabla hujaendelea kusoma, nakusihi ufunge mlango. Hata neno moja la barua hii lisimfikie chifu, wala pasta, wala jirani yako Mumbua, maana mdomo wake unaujua. Ukimaliza, itie jikoni iungue. Habari za Kyuso? Ndengu zimestahimili jua? Mimi ni mzima, ila silali vizuri.

Ombi la mwanao Mutie limejibiwa. Jaji amekubali kofia ya muuaji ipimwe DNA, kwa sababu marehemu Muli alimkata mtu yule kabla ya kuanguka, na damu iliyo kofiani ni ya muuaji. Lakini lazima ipelekwe ng'ambo, na karani mkuu ameandika: "Gharama ni juu ya mfungwa." Shilingi elfu tisini. Mimi ndiye niliyepiga taipu maneno hayo. Hapa kortini hawajui kwamba Mutie ni binamu yangu. Wakijua, nimekwisha.

Fanyeni harambee.

Mwanao,
Kisilu

Kyuso, 21 Machi 1997

Mwanangu Kisilu,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi tu wazima. Ndengu zilikauka, mbuzi wakazila, sasa wao ndio wenye afya hapa nyumbani.

Siri yako nimeichoma, lakini barua ya serikali ilikutangulia. Chifu aliisoma sokoni kwa sauti. Pasta naye ameshachapisha kadi za harambee, na mgeni wa heshima ni nani? Chifu! Yule yule aliyeapa kortini kwamba kidonda cha Mutie kilitokana na kisu cha Muli, ilhali majirani walimwona mwanangu akijikata mwenyewe kwa panga akikata miiba ya boma.

Nikamwambia pasta, "Kadi zako washia jiko."

Akasema, "Mama Mutie, kiburi hakifungui jela."

"Hata mbuzi atakayechangwa na chifu hafungui," nikamjibu.

Serikali ilipomfunga mwanangu haikuleta kadi ya mchango. Ililipa askari, ikalipa petroli ya Landrova, na huu ni mwaka wa sita inamlisha. Pesa za kumfunga zilipatikana. Basi za kuhakikisha kama ilikosea zipatikane pale pale. Na mimi nikichangiwa, mama yake Kivuva, aliye seli moja na Mutie, atachangiwa na nani? Hana hata kanisa.

Shangazi yako

Kitui, 9 Juni 1997

Shangazi mpendwa,

U hali gani? Ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepona?

Nakupigia magoti, kubali harambee. Stoo ya korti imejaa, na vielelezo vyote vya zamani vitachomwa Ijumaa, tarehe 27. Kofia imo. Fomu ya kuchoma hutiwa sahihi mbili, ya karani mkuu na yangu. Nikipata hata nusu ya pesa nitaomba isubiri. Bila hiyo sina la kusema.

Mwanao,
Kisilu

Kyuso, 18 Juni 1997

Kisilu,

Mguu bado. Unaniomba pesa, na kalamu iko mkononi mwako? Mbuzi wangu wawili waliuzwa ukaenda sekondari. Hawakuuzwa ujifunze kutetemeka.

Tumemwandikia jaji, akina mama kumi na mmoja wenye watoto jela. Mama Kivuva ndiye wa kwanza kutia alama ya kidole. Tunasema serikali ilipe. Jaji atapima nini ukimwachia majivu?

Shangazi yako

Mukuyuni, 2 Agosti 1997

Shangazi,

Hujambo? Barua hii usiichome.

Siku ile ya tarehe 27 karani mkuu alinisukumia fomu. Nikasema, "Siwezi, bwana. Mfungwa ni binamu yangu. Mwenye udugu na kesi hatii sahihi."

Akacheka. "Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Kabla hajapata mwingine nikaandika kwenye rejista, kwa wino: "Kielelezo namba 14, kofia, kinasubiri jibu la jaji kwa barua ya akina mama kumi na mmoja." Akamwita Nthenya, karani mwenzangu, atie sahihi mahali pangu. Nthenya akasoma rejista, akafunga kalamu yake.

Kofia iko rafuni. Mimi nimesimamishwa kazi, nimehamia hapa Mukuyuni. Jaji ameiita serikali ifike tarehe 14 Oktoba ieleze kwa nini isilipe.

Waambie akina mama nina taipu ya kuwaandikia barua zao. Wakishuka Mukuyuni, nipo barazani pa duka la Rashid, lile lenye mlango wa kijani, kila siku ila Jumapili. Wasininong'oneze. Waulize kwa sauti: yuko wapi Kisilu, binamu yake Mutie?

Mwanao,
Kisilu