Mama Mkubwa, Kibuyu cha Unga Sikukipokea

Mama Mkubwa, shikamoo.

Marahaba yako leo sitaisikia, ile uliyokuwa ukiivuta mpaka mtu ajute kukusalimia akiwa na haraka. Nianze kwa kukuambia jambo moja usije ukanikasirikia huko uliko: sikuandikii kukuomba kitu. Siombi mvua, siombi afya. Wewe ndiye uliyetutoa kwenye hayo, nami si wa kukurudisha kazini. Nimekukumbuka tu, na nina habari ambayo hakuna mwingine wa kumpa.

Jana ukoo ulikaa hapa kijijini Mnyambe kumaliza matanga yako. Walikuja wote, wa msikitini na wa kanisani, tukala sinia moja. Tulipomaliza, mjomba Hassani, mdogo wako, akatoka ndani amebeba kibuyu cha unga wa tambiko. Kumbe ulipokiacha alikichukua yeye, akakitunza darini miaka yote bila kukuambia. Akakiweka miguuni pangu. Kwetu kibuyu hufuata wanawake: kutoka kwako kingekwenda kwa mama yangu, na kwa kuwa mama alitangulia ukanilea wewe, basi zamu ni yangu. Nililijua hilo tangu nikiwa Masasi kwenye cherehani yangu. Hata hivyo sikukigusa.

Nikakumbuka ulivyokiacha wewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu ruksa, hata wahubiri wa uamsho wakaja na spika zao juu ya pikapu. Walikusanya watu uwanjani, wakataka hirizi na vibuyu vichomwe palepale. Moto ukawaka, na macho yote yakakugeukia wewe, mwenye unga wa ukoo. Moyoni ulikwisha kuamua kumfuata Yesu, ulikuwa ukihudhuria mafundisho ya padre miezi mingi. Lakini kuchoma ulikataa. "Aliyenilea simtukani mbele za watu," ulisema, ukajifunga kanga vizuri ukaenda zako.

Kesho yake asubuhi ulitwanga mtama kwa mkono wako, ukaenda chini ya msolo, ule mti wetu wa tambiko. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika ungo. Ukamwaga unga taratibu, ukawaita wazee wetu waliotangulia mmoja mmoja, ukawaambia: "Mmetutunza, ahsanteni. Leo sina ombi. Nnungu, Mungu tuliyekuwa tukimtaja kwa mbali, ameniita kwa jina langu, nami naenda kwake. Msinisubiri." Ukakung'uta viganja, tukarudi nyumbani kupalilia. Mpaka leo sijaona mtu akiacha kitu kwa heshima namna ile.

Na ubatizo wako je! Kiangazi kikali, tangi la kanisa limekauka, padre anataka tungoje mvua. Ukamwambia umengoja ujana na uzee, huwezi kungoja na mawingu pia. Ukashuka bondeni na ndoo, ukapanda mlima nayo kichwani, ukaingia kanisani jasho linakutiririka hadi shingoni. Watu tisa walibatizwa kwa maji yako siku ile. Yaliyobaki ndooni ukampelekea Mama Zuhura, jirani yetu wa msikitini, apikie wajukuu. Mimi nilikuwa wa tisa, na ninavyojijua, bila wewe kupanda mlima ule nisingefika.

Halafu mikorosho ikaugua. Maua yakafunikwa vumbi jeupe la ubwiri, yakanyauka, na ukoo ukasema wazee wamenyimwa unga wao, sasa wanaumwaga wenyewe mashambani. Watu walikupita njiani bila shikamoo. Mtu mzima kunyimwa shikamoo Mnyambe, afadhali apigwe! Wewe ukawa unawaanza: "Hamjambo wanangu? Watoto hawajambo?" Ilipoletwa dawa ya salfa, ulifunga kitambaa puani ukaenda kusaidia kwenye mashamba ya walewale waliokusema. Mimi ningewaacha na vumbi lao, nakuambia kweli.

Sasa lile jambo tulilolimaliza wawili. Binti yangu Agnesi alipopata degedege, hospitali walimtibu tukarudi naye kwako, lakini hofu haikunitoka. Nilikuwa nimeshabatizwa, ninaimba kwaya, sauti ya kwanza kabisa. Na bado nikaenda kwenye msolo kwa siri. Nisingeweza kutwanga mtama, kijiji kizima kingesikia kinu na kujua. Nikachota unga wa mahindi wa mashine, nikaumwaga kwa ncha za vidole kama ulivyokuwa ukifanya, mpaka ukawa kichuguu, nikaufunika kwa chungu. Ukikesha umesimama, wazee wamekubali. Asubuhi nilifunua nikakuta umeporomoka. Nilirudi nikijua mtoto ndiyo basi tena.

Ulinitazama usoni mara moja, ukaenda mwenyewe kuangalia kwenye msolo. Uliporudi ulicheka mpaka ukakaa chini. "Unga wa mashine mwanangu! Laini vile utasimama wapi? Hata mimi ungeniporomokea." Kisha ukampakata Agnesi, ukasema, "Anapumua huyu. Mshukuru aliyempa pumzi." Nilipolia kwa aibu ukaniambia kwamba hata wewe, ukipita pale, shingo hugeuka yenyewe, na kwamba kuacha si kazi ya siku moja. Hukunisema kwa ukoo wala kwa padre. Nilikupenda kabla ya hapo, Mama Mkubwa, lakini siku hiyo ndipo nilipotaka kuwa kama wewe.

Basi jana kibuyu kikawa pale miguuni, na ukoo mzima unanitazama. Nilimtazama Agnesi, msichana mkubwa sasa, nikawaza: nikikataa, halafu akaumwa hata mafua, watasema. Nikapiga magoti mbele ya mjomba nikamwambia, "Shikamoo mjomba. Kibuyu hiki siwezi kukipokea."

Afadhali angekasirika. Alilia, mzee mzima, mbele ya wakwe. "Unga uache, sawa," akasema. "Na majina je? Sisi wa msikitini tunao wetu wa kuwataja kwenye dua, ninyi mnawataja watakatifu wa Ulaya huko. Hawa waliotuzaa, nani atawataja?"

Wewe uliniachia ujasiri, lakini hili hatukuwahi kulizungumza. Nikamwomba Agnesi daftari lake la shule na kalamu. Nikamwambia mjomba, "Yaseme. Naandika."

Akayasema, kuanzia kwa yule mama wa kwanza aliyepanda mlima kuja uwanda huu na mtoto mgongoni. Wengi sikuwa nawajua kabisa. Alikuwa akifumba macho, anasema jina, ananingoja nimalize, anasema lingine. Kivuli kikatuhama, watu wakasogea na mikeka yao, hakuna aliyeondoka. Akamtaja mama yangu. Kisha akavuta pumzi alitaje lako, sauti ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Nikaliandika mwenyewe.

Kibuyu amerudi nacho ndani, sikukitupia neno baya. Nimeshaongea na padre. Siku ya kuwakumbuka marehemu wote atayasoma majina hayo kanisani, hata yale yatakayomtegua ulimi, tumshukuru Mungu kwa ajili yao, bila kuwaomba chochote. Nakuahidi itakuwa hivyo kila mwaka nikiwa hai. Mjomba amesema atakuja kusikiliza, na kofia yake kichwani.

Pumzika, Mama Mkubwa. Kwaheri, mama uliyenilea. Jina lako ni la mwisho kwenye orodha, na kwa kawaida watu wakifika mwisho huwa na haraka. Nitamwomba padre hilo alisome polepole.

Mwanao,
Modesta