Mwaka Huu Twende Ziwani

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako tumeipata, nimemsomea shemeji yako tukinywa chai. Huku baridi imelegea na miti inachipua. Cherehani yangu haipoi, kila mtu anataka nguo nyepesi.

Kuhusu safari yetu ya kila mwaka, najua moyo wako uko mlimani kwa swala na nyani. Lakini naomba mwaka huu twende ziwani. Njia ni tambarare, na ndege wameanza kurudi kwa makundi.

Nilipoanza kukujibu, shemeji yako aliniuliza, "Umempa sababu gani?"

"Kwamba goti linaniuma."

Akacheka. "Goti lako zima kama chuma, mke wangu. Mwambie macho yangu yanaaga."

Ndiyo hivyo, kaka. Daktari amesema hayatapona. Ngazi za nyumbani anazipapasa, na gari ameacha kuendesha. Alinikataza kusema, nami nikanyamaza hadi leo aliponiruhusu mwenyewe.

"Mlimani nitaona ukungu tu," aliniambia. "Ila kundi la ndege likiruka kwa pamoja, bado naliona. Nataka kuliona tena, na huyo kaka yako awepo anibishie majina yao."

Kisha akashika kikombe chake, nami nikamwegemea.

Basi njoo, ila usije na sura ya msiba. Anasema ukimhurumia atakusukuma majini, na wewe kuogelea hujui.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuhitaji