Moto ya Baba Chini ya Parashiti

Base ya Kamina,
tarehe 20 Agosti 1986

Mpendwa Yaya Clémentine, dada yangu mukubwa,

Jambo sana, jambo ya machozi. Nakusalimia weye, na shemeji Lucien, na batoto bote kule Kalemie. Munaamuka namna gani? Kikohozi ya mutoto wa mwisho ilipona? Huku mama iko anapumua, anakula kidogo, tension yake ya damu inapanda na kushuka. Kila asubui anaulizaka swali moja tu: train ya Clémentine imefika wapi? Sisi tunaangalia chini.

Tunajua kama telegrame ya kifo ya baba ilikufikia, na kama unangoja train yenye haitembei tangu mabogi ilianguka njiani. Hakuna muntu anakulaumu.

Nakuandikia haraka juu barua ingine iko inakuja nyuma ya hii. Baba mudogo Esdras anasema atakuandikia kama minyi, mudogo wako, niliizima moto ya kilio ya baba yetu na maji. Kwa sababu hiyo anasema kilio imevunjika, na Jumapili atatosha majivu, ataiondoa yeye mwenyewe, bila kukungojea, kisha atamupeleka mama kwake Malemba-Nkulu. Mama hataki kwenda. Soma hii yangu kwanza, Yaya. Ukiisha kusoma utanihukumu.

Unajua tangu mwezi wa tatu niko najifunza kazi ku bapompie, bazima-moto ya Base. Tuko banamuke babili, minyi na Élisa, binti ya kaporali mumoja. Mu barua yako ulicheka, ulisema mwenye alikuwa analia akiona panya sasa anakimbiza moto. Kicheko ile niliisamehe. Lakini habakutukamata ku kazi juu ya kukimbiza moto, balitukamata juu ya majiko. Baaskari mingi bametumwa mbali, na pompie mwanaume hawezi kuingia mu jiko ya bibi ya mwenzake kama bwana haiko. Aingie leo, kesho ni fimbo. Njo Sergent Likoke, mukubwa wetu, akasema batafute babinti ya camp, bafundishwe.

Kazi yenyewe ni mulango kwa mulango. Élisa anapiga hodi, minyi naangalia. Mbabula ya makaa inawaka mu chumba ya kulala, madirisha yamefungwa. Bidon ya esanse ya gari iko chini ya kitanda, karibu na vichwa ya batoto. Petroli ya taa ikikosekana mu soko, bamama banatia esanse mu taa na kuongeza chumvi, eti chumvi inaifunga mudomo. Tunabaambia chumvi ni ya mboga. Bengine banatupatia kiti na maji ya kunywa. Bengine banafunika bidon na kikwembe, banakaa juu yake, na kutusalimia vizuri kabisa. Mwenye kuficha ugonjwa, kilio itamuumbua. Nyumba ya Mama Bolingo iliungua namna ile mu mwezi wa sita, na kuanzia pale milango ikaanza kufunguka.

Lakini kitu kimoja tulikuwa tunakataza kuliko yote: moto chini ya parashiti. Unakumbuka desturi ya huku. Muntu akikufa, baaskari banaleta parashiti ya zamani, ile mwamvuli ya kurukia mu ndege, banaifunga ku miti, inakuwa kivuli ya bale benye kulia. Ni heshima kubwa. Ila ile kitambaa haiko pamba, ni nilo, uzi ya plastiki. Likoke alituchomea kipande mu sahani ili tuone. Haiwaki kama nguo, inayeyuka, na matone inaanguka ikiwaka bado. Ikigusa ngozi haitoki, inatoka na ngozi.

Sasa ilikuwa kilio ya baba. Baba mwenye alikunja parashiti mu atelier ya Base mpaka nywele ikakuwa nyeupe, mwenye hata shuka ya kitanda alikuwa anaipapasa kutafuta mushono. Benzake balileta parashiti kubwa kuliko zote, na balilia bakiifunga. Baba mudogo mwenyewe aliwasha moto ya kilio katikati, chini yake kabisa, karibu na sanduku ya baba. Ile moto haizimwe mpaka mukubwa wa batoto afike, aizime na kutosha majivu na mikono yake. Ni weye.

Nilisema siku ya kwanza. Nilisema polepole, na heshima, mbali na bageni. Baba mudogo aliniuliza kama siku hizi serikali njo inafundisha bantu namna ya kulia. Bajomba bakacheka. Nikarudi kukaa karibu na mama.

Kesho yake upepo ya Agosti ikaanza. Unaijua: haivumi, inashika na kuacha, inashika na kuacha. Cheche zilikuwa zinapanda mpaka ku kitambaa. Mu mchana tukaona tundu juu, kubwa kama sahani, pembeni zake nyeusi. Tone ilianguka ku kikwembe ya mama, pa goti. Mama hakusogea. Nilikamata maji ya kunywa nikamwanga. Baba mudogo akasema mbele ya bantu bote kama ni baba alikuwa anamugusa bibi yake, na minyi nimemufukuza. Yaya, hasira ilinishika.

Na bale bamama bote benye niliingia mu majiko yao balikuwa pale, banakaa ku mikeka, bananiangalia. Mama Bolingo alikamata mutoto wake akamuhamisha ku ukingo, mu jua.

Likoke alikuja kutoa pole. Aliangalia juu, aliangalia chini, akaniita pembeni. Yeye ananiitaka na jina ya karatasi ya serikali. "Citoyenne Kabwe," akasema, "kama kwenu moto inabaki pale, kesho tutapiga hodi ku mulango gani?" Akasema kabla jua haijashuka ataleta camion ya maji, atazima, ni amri, na lawama itakuwa ya kwake. Hakufurahi kusema vile. Alikula maharagi na baba mara mingi.

Nilirudi ku baba mudogo kumuomba. Parashiti ishushwe? Akasema kaka yake hatalizwa mu jua kama muntu hana kazi wala benzake. Basi moto ipunguzwe? Akasema moto ya kilio haipunguzwe, inapunguza bale benye hawana adabu. Nilimuomba mpaka sauti ikakauka.

Camion ikafika. Baba mudogo na bajomba bakasimama kuzunguka moto, batoto bakakimbia, bamama bakaanza kulia upya. Pompie mumoja alikuwa ameshika tiyo ya maji, anangoja neno ya Likoke. Bajomba babili balikamata magogo yenye kuwaka. Niliona kama damu itamwangika pale, juu ya maiti ya muntu mwenye hakugombana na muntu siku hata moja.

Njo nikaenda kusimama mbele ya tiyo. Nilikuwa na kikwembe ya kilio, nywele haijasukwa, miguu wazi. Likoke aliniamuru nitoke. Nilikataa. Ni mara ya kwanza nilikataa amri yake, na nilijua kazi inaweza kuisha palepale. Nikageuka ku Shangazi Mbuyi, dada mukubwa wa baba, maana hata Esdras mbele yake anavuaka kofia. Nikamuuliza kwa sauti, ili bote basikie: "Shangazi, wakati nkambo, muzazi wenu, alihama Mulongo kuja huku, moto yake aliizima?"

Nilisikia tu kitambaa ikipiga ku miti. Kisha Shangazi akasema: "Hapana. Aliibeba mu nyungu. Mu mutumbwi alikuwa anailisha, na mu train bantu bakamugombeza juu ya moshi."

Akasimama. Akaomba mbabula. Baba mudogo akasema moto haiko mbuzi ya kuhamisha, na akaona dada yake hamujibu, akatema mate chini na kuenda zake kuelekea barabara. Shangazi akakamata makaa, moja moja, na vijiti viwili, akiimba kwa Kiluba ile wimbo yenye alituimbia wakati nkambo alikufa. Mama akaamuka kumusaidia kubeba. Tukaiweka nyuma ya kamba za nguo, mu bulongo wazi, pahali minyi na Élisa tulilima majani yote na kumwanga muchanga. Moto ni ile ile, Yaya. Magogo ni yale yale, nilibeba na mikono yangu, alama ningali nayo.

Parashiti ikabaki juu ya baba mpaka tulimuzika, kama benzake balitaka. Ila pahali ya zamani majivu ilikuwa ingali na moto ndani, na upepo ilikuwa inaiinua. Likoke akamwanga maji pale tu. Mvuke ikapanda, camp nzima ikaona. Baba mudogo aligeuka mu barabara, akaona mvuke, akaniona nimesimama karibu na tiyo. Ilimutosha. Shangazi alituma bantu bamuite aje kuona moto na macho yake, alikataa. Anasema hawezi kuja kuangalia mbabula ya kupikia na kuambiwa ni kaka yake.

Yaya, nilidhani aibu inaishaka haraka. Haiishi. Ku bomba ya maji bantu banapunguza sauti nikifika. Mama naye hawezi kujibu shemeji yake mbele ya bantu, mujane hana mudomo. Jana baba mudogo alituma magunia ya kupangia vintu vya mama. Mama aliyakunja, akayakalia.

Likoke hakunifukuza. Aliniadhibu kusafisha camion peke yangu, kisha akatangaza kama kuanzia sasa, ku kilio yote ya Base, mbele ya kusema neno tutauliza mwenye moto ni nani. Élisa ananichekelea: asubui naenda kuambia bamama bazime makaa, mchana naomba kuni ku milango ile ile. Mama Bolingo njo ananipatia mingi kuliko bote. Anaileta mwenyewe, anaiweka, anaenda zake.

Leo asubui nilikuta makaa imekuwa nyeusi. Nilipiga magoti nikapuliza, hakuna kitu. Mama alitoka mu nyumba, akanisukuma na kiwiko kama wakati tulikuwa batoto, akainama akapuliza. Alipuliza mpaka machozi ikamutoka, na pale chini kabisa kukaonekana wekundu kidogo. Kisha akaomba chakula. Tangu kifo, ni mara ya kwanza.

Sasa sikiliza vizuri. Muntu mwenye anakupatia hii barua ni Adjudant Xavier. Ndege yao inarudi huku Jumamosi. Baba alimukunjia parashiti miaka mingi na zote zilifunguka, na ameniapia kwa jina ya baba atakupatia pahali kati ya magunia. Usingoje train. Usitafute nguo nzuri. Acha batoto na shemeji. Ukifika weye, Esdras hawezi kutosha majivu, na mama hatapanda gari yake. Bila weye, minyi ni mudogo, tena ni yule mwenye alizima moto.

Mama anakusalimia. Shangazi Mbuyi anakusalimia na anasema uje na miguu yako, si na barua. Élisa na Sergent Likoke, benye hawakujui, banakupa pole. Mungu afunge upepo mbele ya ile ndege, akushushe taratibu.

Nyungu ya maji iko karibu na moto, nimeifunika na sahani. Wamenifundisha kuzima moto ya kila namna, Yaya. Hii haiko yangu. Njoo uizime.

Minyi mudogo wako, mwenye kukupenda na kukungoja na kuni mikononi,

Delphine