Tambi za Mtu Mmoja

Jumatano, 9 Oktoba 1946
Isyo imerudi tena. Nimeichemsha tangu asubuhi mpaka mahindi yakapasuka na kunde zikalainika. Mutua ameonja kijiko kimoja, akasukuma bakuli. Kuku ndio waliokula.

Tangu mume wangu arudi kutoka jeshini anakonda tu. Mshipi ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Wenzake wanajisifu kwenye soko la Tulia kutwa nzima. Wangu anakaa nyuma ya nyumba, anatazama barabara.

Naandika Kiswahili kwa sababu mama mkwe anasoma Kikamba vizuri mno.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mama mkwe amenisema mbele ya majirani. Kwetu mume akiacha chakula cha mkewe, amemfukuza bila kufungua mdomo. Shemeji zangu watakuja Jumapili ya wiki ijayo, eti tukae tuongee. Nakijua kikao hicho. Mwanamke huondoka na sanduku lake.

Nimemjibu kwamba hata ugali anaopika yeye, Mutua hali. Akasema nina mdomo. Ninao.

Lakini kurudishwa kwetu si kitu. Naogopa mbavu zake. Atakufa. Atakufa mimi nimeshika mwiko.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nzioka wa Kathonzweni amepita kumsalimu. Walikuwa pamoja jeshini wakilinda wafungwa wa Kitaliano. Nilimsindikiza mpaka njiani, nikamuuliza kule Mutua alikuwa akila nini. Tambi, akasema. Kulikuwa na mfungwa mmoja, fundi wa viatu, aliyezipika kwa nyanya na vitunguu, na walikula pamoja nyuma ya stoo. Mutua alikuwa akilamba sahani.

Nikauliza huyo fundi yuko wapi sasa. Ghafla Nzioka akakumbuka kwamba safari ni ndefu.

Tambi! Mtu anakufa njaa nyumbani kwake na hasemi anataka nini. Nimekasirika mpaka nikalia.

Jumatatu, 14 Oktoba
Kitui mjini kwa miguu, kwenda na kurudi. Nyayo zimepasuka. Mama Zaituni alikuwa na pakiti moja ya tambi dukani, iliyobaki tangu Idi. Nikampa kiondo changu kipya. Alicheka aliposikia nitazipika kwa nyanya. "Mwanangu, sisi hutia sukari na tui. Lakini chemsha tu mpaka ziive, basi."

Pakiti ndogo. Ni ya mtu mmoja, mara mbili ukibana. Kumpikia mtu mmoja peke yake ni aibu nyumbani humu, chungu ni cha wote. Na iwe aibu.

Jumanne, 15 Oktoba
Mungu wangu, nimeharibu.

Zilikuwa ngumu kama vijiti. Kitu kikavu namna ile nilikifanya kama muthokoi, mahindi makavu yaliyokobolewa: nililoweka nusu ya pakiti usiku kucha, nikateleka alfajiri, nikaenda kuchota maji. Foleni kisimani ilikuwa ndefu. Nimerudi nimekuta gundi. Nikaimwagia nyanya juu nikampelekea hivyo hivyo, kwa sababu sikuwa na kingine.

Akaitazama. Akanitazama. Akaingia ndani. Mama mkwe akauliza ni mgonjwa gani huyo aliyepikiwa uji mwekundu.

Nimelia nyuma ya ghala. Mimi pia chakula hakinipiti kooni siku hizi. Nakoroga, napakua, naosha vyombo.

Jumatano, 16 Oktoba
Nusu pakiti imebaki. Naogopa kuigusa.

Alhamisi, 17 Oktoba
Niandike kabla sijasahau ilivyokuwa.

Jioni nilianza na vitunguu, kisha nyanya. Harufu ikatoka nje. Mutua akaingia jikoni. Mwanamume, jikoni kwangu, mamake akiona! Akaninyang'anya mwiko. Akangoja maji yachemke hasa, akatia chumvi, ndipo akatia tambi. Akawa anavua uzi mmoja mmoja, anauma, anangoja. Kuni niliyosogeza haikuwa imeungua hata nusu, akaepua. Nilitaka kumwambia ni mbichi. Akazichanganya na nyanya, akajaza sahani moja.

Akaiweka mbele yangu.

Kisha akasema, anatazama moto. Yule fundi wa viatu alipata habari kwamba kwao hakuna aliyebaki, mke wala watoto. Akaacha kula. Sasa Mutua ndiye akawa anampikia, tambi zile zile, kila jioni. Fundi akageukia ukuta mpaka akafa. Wakamzika kando ya seng'enge ya kambi. Tangu siku hiyo chakula ni mchanga mdomoni.

"Umekonda," akasema. "Nimekuona. Kula, Kalondu."

Sikujua kwamba ananiona. Wiki zote hizi nimekuwa nikihesabu mbavu zake tu.

Sikuwa na hamu. Zinateleza, na ladha yake sijui niseme nini. Lakini nikaelewa kwamba nikisukuma sahani ile nimemmaliza. Nikala. Zote. Mwisho nikafuta mchuzi kwa kidole, naye hakuondoa macho mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Jumamosi, 19 Oktoba
Manyunyu asubuhi. Vumbi limetulia.

Nimepika isyo. Mutua ameomba bakuli, amekula karibu nusu. Mama mkwe aliona, akajifanya anachambua kunde.

Kesho shemeji zangu wanakuja. Nimeloweka muthokoi wa kututosha sote.

Mutua amesema isyo ilipungua chumvi. Nimeongeza.