Dar Haikumzaa Mwanangu

Jumanne, Guangzhou

Eti mji wetu mdogo mno! Neema wangu, msomi wa chuo kikuu hapa hapa Uchina, leo mchana tunakula mtaani Xiaobei ananiambia, "Mama, mwalimu anasema hakuna vitabu vya kutosha kuhusu mji wetu wa Mbamba Bay. Insha yangu nitaandika kuhusu Dar."

Nikaweka kijiko. "Dar ndiyo iliyokuzaa? Andika kuhusu kwetu! Mbele ziwa, nyuma milima. Babu yako alivuka kwa mtumbwi kutoka Malawi. Watu je? Jinzi zao nawanunulia mimi hapa, soko la Xintang, najua kiuno cha kila mmoja!"

Akacheka, lakini daftari alitoa.

Naogopa walimu wasije wakamfelisha kwa ukaidi wangu. Na wamfelishe! Hapana, Mungu wangu, asifeli. Ila kurasa tatu ameshajaza, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, ameandika: "KWETU."